Macho Laki Nne

"Macho laki nne," alisema Mzee Sifaeli Sumari, kasimama katikati ya duka la dawa za mifugo pale Kikatiti, fimbo kaielekeza darini kana kwamba hayo macho yamening'inia huko. "Watu laki mbili, kila mtu kaja na macho yake mawili. Piga hesabu mwenyewe, wewe ndiye uliyesoma. Macho laki nne yamemkodolea ng'ombe wangu kiwele, na mimi mwenye ng'ombe niko kanisani naimba."

Binti yake, Daktari Tabitha, alikuwa nyuma ya kaunta na chupa ya dawa ya minyoo mkononi, anamhudumia mteja. Huyo mteja alikuwa na haraka sana kabla mzee hajaingia. Sasa haraka ilimwisha, akaegemea kaunta vizuri kama mtu aliyekata tiketi.

Tabitha akamwamkia kwanza, maana hata baba akija kukuchomea nyumba, shikamoo inatangulia. Mzee akaitikia marahaba, kisha akaendelea pale pale alipoishia. Tangu hiyo video ya Tabitha itoke mtandaoni, Sikukuu, ndiye ng'ombe mwenyewe, amepunguza lita nne. Kuku wawili wameacha kutaga. Saa ya ukutani aliyopewa na kwaya imesimama kwenye saa nane kasoro, na hayo yote ni macho. Joyce, anayeuza pale dukani, akauliza kwa adabu kama betri ya saa imeshabadilishwa. Mzee alimtazama mpaka Joyce akakumbuka kuwa nje hapajafagiliwa.

"Baba, ng'ombe anakaribia kuzaa," Tabitha akasema. "Maziwa lazima yapungue. Ndicho nilichokuwa nafundisha kwenye hiyo video."

"Ulikuwa unafundisha lita," mzee akasema. "Umesimama mbele ya dunia ukataja lita."

Hapo Tabitha akaanza kuifunga ile chupa ya dawa kwenye gazeti. Kwenye mambo ya saa na kuku angeweza kubishana mpaka jioni, ila kwenye lita alikuwa na kosa, na alijua.

Huku Meru mtu atakwambia ugonjwa wake, atakwambia mshahara wa mwanawe, atakwambia hata alivyogombana na mkewe asubuhi. Lita za ng'ombe wake hakwambii. Ukimuuliza atasema, tunapata ya chai. Ng'ombe anajaza ndoo, mwenyewe anasema ya chai. Na ukiingia bandani mwa mtu usianze kumsifia mnyama. Ulimi ukiteleza ukamsifia, unatema mate kidogo pembeni, tfu, watu wajue huna kijicho, ndipo mazungumzo yanaendelea. Tabitha amezaliwa humo humo. Lakini kwenye video alisimama ubavuni mwa Sikukuu, mkono kauweka mgongoni, akatabasamu, akasema: huyu ni ng'ombe wa nyumbani kwetu, akiwa kwenye maziwa anatoa lita ishirini na mbili kwa siku. Mate hakutema. Angetemaje mate kwenye kamera, na watu wa Njombe wanamtazama?

Sasa, Mzee Sifaeli kwa miaka mitano alikuwa amewaambia majirani na wazee wa kanisa kuwa Sikukuu anatoa lita saba, tena akibahatika. Jumapili iliyofuata baada ya video, mzee wa kanisa, Hans, alimshika mkono pale mlangoni muda mrefu kuliko kawaida, akamwambia kwamba mwaka huu anaona kabisa sikukuu ya mavuno itafana.

"Kuanzia leo," mzee akamaliza, "bandani kwangu usikanyage. Duka lako hili hapa, wafuasi wako hao hapo. Mimi nina Meshack."

Akatoka na fimbo yake. Yule mteja akalipia dawa ya minyoo, akaongeza na jiwe la chumvi ambalo hakuwa amelifuata, nadhani ya kulipia kiti.

Katika maneno yote aliyotupiwa siku ile, Tabitha aliondoka na hayo matatu ya mwisho. Mimi nina Meshack.

Meshack hakusomea. Alianzia kwenye josho la kijiji enzi hizo, akiwasukuma ng'ombe kwenye maji ya dawa, na josho lilipokufa yeye akabaki na sindano. Miaka thelathini anapanda na kushuka mlima na hiyo sindano mfukoni mwa koti. Ana dawa ya njano na dawa nyeupe. Ya njano ikishindwa anachoma nyeupe, na nyeupe ikishindwa anakushauri kisu, nyama isije ikapotea bure. Mtu mpole, hana makuu, ukimwita anakuja hata mvua inanyesha. Na kibaya zaidi ni kwamba hizo dawa zake, ya njano na nyeupe, alikuwa anazinunua kwa Tabitha.

Tabitha alisoma Morogoro miaka mitano. Baba yake alitaka aende chuo cha misitu Olmotonyi, hapa hapa karibu, akamwambia kazi ya miti ni kazi ya amani, mti haukufii ghafla watu wakikutazama. Binti akang'ang'ania ng'ombe. Mwaka wa nne akiwa likizo, ng'ombe wa mama yake akala majani mabichi ya maharage, tumbo likajaa gesi, likasimama kama ngoma. Ukoo mzima ukakusanyika bandani kumtazama msomi wao. Na msomi akaanza kueleza. Akaeleza tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, akaeleza gesi inatokea chumba kipi, akaeleza na majina ya Kilatini, maana mikono ilikuwa imegoma na mdomo ndio pekee uliokuwa unamtii. Alipofika kwenye kutoboa, ng'ombe alikuwa ameshapiga magoti. Dakika tatu baadaye hakukuwa na wa kutoboa.

Mzee Sifaeli hakumgombeza. Laiti angemgombeza. Alisema, "Basi, si neno," akachukua jembe akaenda kuchimba. Mama alilia siku mbili, akaacha, akasema ng'ombe wanakufa hata kwa wazungu. Miaka miwili baadaye mama naye akaondoka kwa maradhi yake, na yule ng'ombe aliyekufa akawa ameacha ndama jike, na huyo ndama akaja kumzaa Sikukuu asubuhi ya Krismasi. Kwa hiyo Sikukuu, ukimtazama vizuri, ndicho kitu cha mama kilichobaki kinachopumua.

Na tangu siku ile ya jembe, kila mnyama akikohoa nyumbani, anaitwa Meshack. Hakuna aliyetangaza, hakuna kikao. Tabitha akipanda kusalimia anakuta tu kifuniko cha chupa ya njano kimeangukia kwenye kinyesi, anajua kulikuwa na mgonjwa na yeye hakuambiwa.

Alipomaliza mkataba kwenye mradi mmoja wa mifugo mjini, alikokuwa amepanga chumba Lemara, alirudi Kikatiti akafungua duka kando ya lami, barabara ya Moshi. Akaandika na kibao: Daktari wa Mifugo, Ushauri na Tiba. Watu walikisoma kile kibao kwa makini, kisha wakaingia kuuliza kama ana sumu ya panya. Mwaka mzima walinunua dawa kwake wakaenda kuchomewa na wengine. Wa kumwita aingie bandani walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na vidole vinabaki.

Wazo la video lilikuwa la Joyce. Simu ikafungwa kwenye nguzo kwa kipande cha mpira wa baiskeli, Tabitha akavaa koti jeupe, akaongea dakika tisa juu ya ugonjwa wa kiwele. Walioangalia walikuwa arobaini na watatu. Nusu yao ukoo, na nusu ya huo ukoo ilitaka kujua hereni amenunua wapi.

Joyce naye hana dogo. "Dada, umeongea kama unatetea shahada," akamwambia. "Mimi nimesikiliza dakika mbili nikaanza kufua."

Ilimuuma, lakini akajifunza. Ugonjwa mmoja, video moja, dakika tatu. Usianze na jina la ugonjwa, anza na kile mfugaji anachokiona saa kumi na mbili asubuhi akiingia na ndoo: maziwa yana mabonge, chuchu ya moto, ng'ombe anarusha teke. Koti jeupe likavuliwa, likaja la kazi lenye madoa. Akajifunza kusema "hilo sijui, nitauliza" bila kuona aibu, na ajabu ni kwamba watu walimwamini zaidi siku alizosema hajui. Akawa anajibu kila komenti, hata za matusi. Mtu wa Tanga alimwandikia kwamba mwanamke hawezi kumjua ng'ombe, akamjibu kuwa pole, na je, maziwa anakamua nani hapo kwako. Wiki ile ile jamaa akapiga simu, ndama wake anaharisha.

Jambo moja alimficha hata Joyce. Wanasema ukiongea na kamera usifikirie maelfu, mfikirie mtu mmoja. Tabitha alimpata mtu wake mmoja mapema kabisa. Mzee wa kofia, kakaa kwenye kigoda mbele ya banda, ambaye hajawahi kumsikiliza mpaka mwisho. Video zote zile, na zimeshapita mia mbili, aliongea na huyo. Ndiyo maana aliongea taratibu. Ndiyo maana kila jambo la mkono alilirudia mara tatu, na hakuweka Kilatini tena hata kwa bahati mbaya.

Iliyompandisha kabisa ni ile ya ndama wa sweta. Alichukua boksi la televisheni akalitoboa tundu, sweta kuukuu akalijaza majani makavu ya mgomba, akalishona miguu minne na kichwa, akalitumbukiza humo. Kisha akaonyesha namna ya kumzalisha ng'ombe ambaye ndama wake amekunja mguu mmoja nyuma. Usivute. Msukume kwanza ndama arudi ndani, upate nafasi, halafu kiganja kiifunike kwato isije ikachana mfuko wa uzazi, ndipo mguu uulete mbele polepole. Boksi linatikisika, sweta linachungulia, watu wakacheka, na walipomaliza kucheka wakawa wamejua. Wakaanza kupiga kutoka Njombe, Rungwe, Lushoto, mpaka Karagwe. Wenye mashamba makubwa ya Usa River wakaanza kumfuata na magari. Madaktari wenzake walipokutana mjini wakamsogeza kiti cha mbele. Kulikuwa na mfuatiliaji mmoja anajiita Simba wa Mlima, kila wiki anauliza swali, tena maswali yenye akili, na Tabitha alikuwa anamjibu kwa heshima zote: ahsante Simba wa Mlima, umeuliza vizuri.

Kwa hiyo sifa zilisafiri kuzunguka nchi nzima. Kupanda mlima kilomita sita, zikashindwa.

Ndipo ikaja ile ya Sikukuu. Joyce alisema watu wamechoka na maboksi, wanataka kuona ng'ombe mwenye pumzi. Wafugaji kumi wangempa ng'ombe siku ile ile, na majani wangekata wenyewe. Tabitha akachagua Jumapili, saa ambayo kwaya ya wazee inaimba, akapanda na Joyce kwenye banda la baba yake kama mwizi wa kuku. Ukiitazama hiyo video leo, utaona mkono wake ukikaa mgongoni mwa Sikukuu muda mrefu kuliko somo linavyohitaji. Joyce alitaka kukikata hicho kipande. Tabitha akamwambia akiache. Ni hapo hapo, mkono ukiwa umenogewa, mdomo ulipotaja lita.

Baada ya kufukuzwa alifanya kile kinachofanywa na watu wa mlimani. Alikwenda mpakani mwa shamba akakata jani la sale, akalifunga fundo, akamkabidhi Hans, yule mzee wa kanisa, alipeleke kwa baba yake. Sale likifika mkononi mwako limefungwa, hukatai kusamehe, hata kama mtu amekuulia ndugu. Mzee Sifaeli akalipokea, akalitia mfuko wa koti, akasema amesamehe, aje Jumapili wanywe chai.

Akaenda. Akawekewa chai nzito ya maziwa kwenye kikombe cha mama. Wakaongea mvua, wakaongea harusi ya binamu, wakaongea bei ya kahawa, mzee akacheka mara mbili. Tabitha akaona njia imefunguka. Alipoinuka akaomba, kama mtu anayeomba chumvi, apite bandani kidogo amwone Sikukuu.

"Msamaha ni wa mtoto," mzee akasema, bila ubaya wowote usoni. "Ng'ombe ana daktari wake."

Hans aliposimuliwa alicheka mpaka akashika ukuta. Akamwambia Tabitha kwamba sale huleta msamaha, ajira halileti.

Siku za mimba ya Sikukuu zilikuwa zimeandikwa kwenye kalenda nyuma ya mlango wa duka. Tabitha alizihesabu tangu siku Meshack mwenyewe alipopitia dukani akiropoka kuwa wamempandisha. Wiki ya kuzaa ilipokaribia, kikundi cha wafugaji cha Njombe kilikuwa kimeshamkatia tiketi aende kuwafundisha siku nne. Akawapigia kuwaomba radhi, akasema ana mgonjwa nyumbani. Wakampa pole, mwenyekiti wao akasali kwenye simu. Tabitha akaitikia amina, akaenda kuosha kamba za kuzalishia.

Alhamisi gambuti zilikuwa mlangoni, na kando yake ndoo, sabuni, chupa ya mafuta ya kupikia na kamba safi. Joyce akamwambia amekaa kama baba mtarajiwa nje ya wodi. Simu ikaita, Karagwe. Ikaita, Tanga. Ijumaa ikaita, mtu anauliza kama sungura anaweza kula pilau. Kila ilipoita moyo ulipanda mlima ukafika, kisha ukashuka na habari za watu wengine.

Angeweza kupanda mwenyewe. Kilomita sita si safari, na baba yake si mtu wa kumpiga mtu fimbo. Joyce alimwambia hivyo Jumamosi asubuhi, kwamba daktari gani anasubiri kadi ya mwaliko. Lakini Tabitha alitaka kuitwa. Nyumba moja tu katika nchi nzima, mdomo mmoja tu, useme: mwiteni Tabitha. Kuna kitu ukikichukua kwa mkono wako kinakuwa chako, lakini hakiwi cha kupewa. Akabaki kwenye kiti. Jumamosi ikapita, Jumapili ikapita.

Jumatatu asubuhi duka halijamaliza kufunguliwa akaingia Meshack. Akavua kofia, jambo ambalo hajawahi kulifanya akija kununua dawa. Tabitha akasema shikamoo mjomba. Meshack akaitikia, akaangalia chini, akaangalia gambuti pale mlangoni, akaomba kiti.

Akasimulia. Sikukuu alianza Jumamosi adhuhuri. Chupa ya uzazi ilipasuka, ikatoka kwato moja na pua, kwato ya pili haionekani. Meshack akaingiza mkono, akahangaika saa nzima, akachoka, ng'ombe akachoka. Za njano na nyeupe hapo hazina kazi, na neno la kisu lilimfika mdomoni akalimeza, maana alimwona mzee amekaa kwenye kigoda ameshika kofia kwa mikono miwili. Akamwambia, mzee, tumwite Tabitha.

"Akasema nini?" Tabitha akauliza.

Meshack akaizungusha kofia yake. "Hili hakunituma nilifikishe," akasema. "Alisema, mwache. Akija, na huyu naye akaanguka mbele yake, hatapanda tena huku. Nitabaki na migomba."

Joyce aliyekuwa anapanga chupa akaacha kupanga.

Meshack akaendelea, sasa kwa aibu kubwa zaidi. Alimwambia mzee, basi tumwite humu, akatoa simu. Hapo ikabidi akiri. Yule Simba wa Mlima ni yeye. Miaka miwili anamfuata Tabitha, anajifunza kimya kimya, maana kwa umri wake angekaaje darasani kwa mtoto aliyemwona akibebwa mgongoni. Akaifungua ile ya ndama wa sweta, akampa mzee ashike. Mzee mwanzo akaishika kichwa chini miguu juu. Meshack mkono ndani, mzee na simu pembeni ya mkia, Tabitha anaongea. Mara ya kwanza Meshack akasukuma ndama hakurudi. Mzee akasema mrudishe pale aliposema usivute. Mara ya pili ndama akarudi, nafasi ikapatikana. Mara ya tatu mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa anarudia maneno, kiganja kwenye kwato, Meshack, kiganja kwenye kwato, amesema polepole. Mguu ukaja. Ndama jike, mzima, amesimama kabla hata hawajamaliza kunawa.

"Mkono ulikuwa wangu, daktari," Meshack akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Kazi ilikuwa yako."

Tabitha alimshukuru, akamshika mkono, akamwambia Simba wa Mlima ameuliza maswali mazuri siku zote. Kisha akavaa gambuti. Joyce akampa simu, akasema hii ndiyo video ya mwaka, baba na binti na ndama, utapata watazamaji laki tano. Tabitha akaiacha simu juu ya kaunta, akapanda.

Njia nzima alikuwa na sentensi moja kichwani, na haikuwa yake. Hatapanda tena huku, nitabaki na migomba. Baba yake alikuwa ameisema kwa Meshack, akaisema na ng'ombe akisikia. Tabitha alitaka aisikie yeye. Hata nusu yake. Hata akiisema huku anaangalia pembeni.

Alimkuta Mzee Sifaeli kwenye kigoda mbele ya banda anakatakata shina la mgomba kwa panga. Kwa ndani, kati ya ubao na ubao, sikio dogo lenye unyevu lilikuwa linachezacheza. Tabitha akasema shikamoo baba. Mzee akaitikia kwa furaha, na siku ile aliongea kuliko kawaida yake. Akamsimulia kila kitu tangu mwanzo kama anamsimulia mgeni wa kutoka mbali. Chupa ilivyopasuka, mguu ulivyogoma, na yule daktari wa kwenye simu.

"Ana subira yule," mzee akasema. "Tumemrudisha mara tatu, hakununa. Mara zote tatu anasema vile vile, kwa upole ule ule. Anakueleza mpaka mkono wako mwenyewe unajua."

"Ni mimi, baba."

"Najua ni wewe. Kwani mimi kipofu?" Akakata kipande kingine cha mgomba. "Ila hapo umekaa vizuri."

Tabitha akasubiri. Akamsogezea njia, akasema Meshack amempitia asubuhi dukani. Mzee akasema Meshack ni mtu mwema. Akasema Meshack amemweleza mengi. Mzee akasema Meshack anaongea sana siku hizi. Panga likashuka, likapanda. Ikabidi aulize.

"Kwa nini hukuniita?"

Mzee akatazama panga. "Ulikuwepo," akasema.

"Nilikuwa Kikatiti, baba. Nimekaa pale siku nne."

"Ulikuwepo," akarudia, taratibu, kama mtu anayefunga mlango asimwamshe mtoto. Kisha midomo ikacheza kidogo, na Tabitha akajua sasa, sasa inakuja. Mzee alikuwa amekaa pale pale mlangoni mwa banda. Hakumzuia mtu, lakini wala hakuinuka, na hakuna namna ya kupita bila yeye kuinuka.

"Nimefikiria jambo tangu juzi," mzee akasema. "Meshack hatakuwa hapa siku zote na simu yake. Na mimi hiki changu cha tochi hakionyeshi kitu." Akauinua uso, na uso wenyewe ulikuwa laini kuliko Tabitha alivyouona kwa miaka mingi. "Ninunulie hiyo kubwa, mama. Ya kutelezesha kidole. Niwe nakuona."

Tabitha alimtazama. Kofia ile ile, kigoda kile kile, kichwa kimeinama upande kidogo kama cha mtu anayesikiliza mpaka mwisho. Ndivyo hasa alivyokuwa akimwona kila alipofungua kamera.

Akainama, akaokota vipande vya mgomba vilivyokatwa, akavipenyeza kati ya ubao na ubao mpaka vikaanguka kwenye hori. Sikukuu akavinusa, akaanza kutafuna. Tabitha akapangusa mikono kwenye sketi, akageuka.

"Umenisikia?" mzee akamuuliza. Alipoona anatembea akapaza sauti. "Tabitha. Iwe yenye spika ya nguvu."

Alikuwa ameshaipita migomba, anateremka kwenye kahawa.